Nilimwandikia binti yangu "kidogo" nikidhani nimeandika "sana"

Admin, naomba unifiche. Jina la mtoto nimebadilisha. Nina miaka thelathini na nne, naishi Rongo, sina mume. Nina pampu saba za kutoa maji kwenye mashimo ya dhahabu kule Masara, nazikodisha, na hakuna hata moja niliyonunuliwa na mtu. Nilianza kwa kuuzia wachimbaji chai na mandazi. Nasema hivi mjue mimi si mtu wa kukaa chini kulia, lakini hili limenishinda.

Binti yangu, tumwite Akinyi, ana miaka kumi. Baba yake ni Mserbia aliyekuja kufunga mashine Masara. Kazi yake ilipoisha Akinyi alikuwa na miaka minne, na mimi nilikuwa nalala chumba kimoja cha mabati. Tukakubaliana aende naye aanze shule huko, miaka miwili tu, halafu arudi. Miwili imekuwa sita. Kiswahili kimemtoka, Dholuo kimemtoka, Kiingereza ni cha salamu. Amebaki na Kiserbia. Kila Jumapili nilikuwa naongea na mtoto niliyemzaa kupitia baba yake, kama mtu aliye kortini na mkalimani.

Nikasema sikubali, nitajifunza. Kamusi ya Kiswahili na Kiserbia sikuipata, nikapata ya Kiingereza. Maneno kumi kila siku kwa siku mia mbili na kumi na nne, pigeni hesabu. Barua nilikuwa naiandika kwanza kwa Kiingereza, kile cha shule, halafu nageuza neno kwa neno. Ya kwanza niliandika "I can hardly wait", yaani nina hamu mpaka nashindwa kungoja. Kamusi ikasema "hardly" ni "jedva". Nikaandika "Jedva čekam". Kumbe ndivyo wanavyosema wenyewe! Akinyi alicheka kwenye simu, tukaongea dakika kumi na moja bila baba yake kuingilia. Baba yake akasema, sawa, Desemba atamleta.

Hapo kichwa kikanivimba.

Barua ya pili nilitaka kumwambia nimemkosa sana. "Very much" niliiona ya kwenye kadi. Nikakumbuka mwalimu wetu wa Kiingereza na "quite a bit" yake. Alikuwa akituambia msidanganywe na hiyo "bit", maana yake ni nyingi. Nikafungua kamusi. "Quite" ni "prilično". "A bit" ni "malo". Nikaandika "Nedostaješ mi prilično malo", nikapiga picha, nikatuma.

Jibu lilikuja jioni ileile: "I ti meni." Yaani na mimi kwako vilevile. Nililia kwa furaha. Nikamwita mwandishi wa mabango akachora maneno yangu kwenye tangi langu la maji. Vijana wa pampu wakanicheka. "Madam, hiyo ni dawa ya panya?" Nikawaambia, "Ni mapenzi ya mama, nyinyi mtajulia wapi."

Jumapili ile Akinyi hakuja kwenye simu. Iliyofuata pia. Ya tatu baba yake, ambaye Kiswahili chake ni cha Masara na huniita mama Akinyi kwa Dholuo, akaniuliza, "Min Akinyi, kwa nini uliandikia mtoto vile?"

"Vile vipi?"

"Eti umemkosa kidogo. Na si kidogo ya kawaida. Kidogo sana."

"Niliandika nyingi!"

"Kwa Kiingereza nyingi. Kwetu hiyo ni karibu hakuna. Aliniuliza, huyu mama amenikasirikia?"

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilidhani unamaanisha."

Miaka sita, jamani. Mtu amenijua tangu nikiuza mandazi, akadhani namaanisha!

Siku hiyohiyo niliandika "mnogo", ambayo ndiyo nyingi, nikairudia mara tano. Akinyi akamwambia baba yake, "Anaandika hivyo kwa sababu umemwambia." Hapa kwetu mtu akikwambia ngoja kidogo unaweza kungoja mpaka maduka yafungwe. Kidogo chetu hakina kipimo, tunakiweka mbele ya kila kitu ili tusionekane tunalazimisha. Mtoto wangu hajui hilo. Amekulia mahali ambapo kidogo ni kidogo. Tangi nimelipaka rangi mara mbili, na herufi bado zinaonekana kwa chini.

Sasa amesema Desemba haji. Baba yake anasema hawezi kumvuta mtoto kwa nguvu apande ndege, na anataka nimjibu kabla ya mwisho wa mwezi kama tufute safari. Dada yangu wa Homa Bay ananiambia nimwache, akikua atanitafuta. Nikinyamaza, si nitakuwa nimethibitisha ile barua? Nikiomba viza nikasimama mlangoni kwao, akinitamkia neno nisilolijua, nitajuaje kama ananifukuza au ananikaribisha?

Nyinyi wenye watoto waliokulia mbali, msinihurumie, niambieni la kufanya. Tangu Jumatatu karatasi ya barua ya tatu iko mezani kwangu. Nimeandika jina lake tu. Neno la pili naliogopa. Niandike nini?