Godoro la Tangi

Bibi Sindano alikuwa anajaza godoro la mteja, mkono umezama ndani ya sufi mpaka kwapani.

"Mbona hapa pembeni umeacha wazi?" mteja akauliza.

"Huo ndio mdomo wake, mwanangu. Nikiziba kila mahali nitajazia wapi?"

Alipolitamka tu neno hilo, moyo ukampiga pa! Jana alishona godoro jingine, nalo hakuliachia mdomo.

Lilikuwa godoro la tangi la maji moto. Mwanawe wa pekee, fundi umeme, alilifunga tangi hilo bafuni mkewe alipojifungua. Bibi akaligusa, akalikuta lina joto kama paji la mgonjwa wa homa. "Hili linachemshia hewa," alisema. "Umeme wote unapotelea ukutani." Mwanawe akakubali livikwe, ila akamwonyesha kifuniko kidogo cha chini: "Mama, hapa pana nyaya. Usipazibe, pataungua." Bibi akaitika. Lakini mtu aliyeshona magodoro miaka arobaini aache tundu, kama fundi aliyeishiwa uzi? Akalivika tangi sufi toka utosini hadi unyayoni, akaziba.

Na sufi anaijua yeye. Cheche moja tu, haibaki hata ya kusimulia.

Akampigia mkwewe. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Kimya.

"Kulikoni, bibi?" mteja akauliza.

"Kaa hapo unilindie sufi, na usithubutu kuvuta sigara!"

Akatoka na sindano yake ndefu ikiwa bado imechomekwa kwenye kilemba. Alianza kwa kutembea, akajikuta anakimbia, goti likimlalamikia kila hatua. Maji ya moto hayachomi nyumba, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa na tangi. Kila moshi wa jiko juu ya paa aliuona ni wa godoro lake. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, haya, asiyesikia la mwanawe huvunjika nini? Kwenye kona kandambili ikakatika. Akaiacha hapohapo.

Alipofika kwa mwanawe, mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Chini ya mlango wa bafuni kitu cheupe kilikuwa kinafuka.

"Mkwe! Toka na mtoto!"

"Tunaoga, mama," sauti ikajibu. "Kuna nini?"

Ulikuwa mvuke. Mtoto alikuwa ndani ya beseni, anayapiga maji mateke.

"Zima umeme!"

"Niliuwasha alfajiri, nikauzima saa mbili. Sasa ni saa tano na maji bado yanachoma vidole. Mama, godoro lako si mchezo!"

Siku nyingine Bibi angetamba wiki nzima. Leo aliingiza mkono chini ya tangi, akapapasa. Kitambaa kilikuwa kimekauka, kigumu, rangi imegeuka kama mkate uliosahauliwa jikoni. Akakaa juu ya ndoo.

"Nipe mkasi," alisema.

Akakata dirisha penye kifuniko, akaitoa sufi ya pembeni, akakunja kingo na kuzishona. Mishono ikaenda upogo, kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika sindano.

Jioni mwanawe akainama chini ya tangi na tochi.

"Mama, hii mishono imepinda. Nani kashona?"

"Mwanafunzi wako," alisema Bibi, bila kuinua uso.