Programu niliyoiandika nikisubiri makontena: ni yangu au ya bosi?

Wakuu, heshima yenu popote mlipo. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe, na jibu sijalipata mpaka leo.

Naishi Gongo la Mboto. Kazi yangu iko Kurasini, karani kwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Jina la kampuni mniwie radhi.

Waliowahi kufanya clearing wanajua, nusu ya kazi ni kusubiri. Umeshapeleka nyaraka, mtandao umekata, unakaa. Wenzangu walikuwa wanaangalia mechi kwenye simu. Mimi nikawa najifunza kuandika programu.

Baada ya kama mwaka nikawa na kitu cha maana. Unaingiza aina ya mzigo, inakwambia karatasi zipi zinatakiwa, zianzie dirisha gani na wapi huwa zinakwama. Ofisi nzima ikawa inaitumia. Kichwa kilivimba, sifichi.

(Laptop yangu, bando langu. Umeme na kiti vya bosi. Kumbukeni hilo.)

Juzi nikaamua niache kazi nijitegemee. Mtaji wangu ni hiyo programu tu, sina kingine.

Nikaenda kumuaga bosi, mtu mzima, mpole sana. Akanitakia heri, kisha akasema programu inabaki ofisini.

Nikamwambia kwa adabu kwamba niliajiriwa kupeleka karatasi, na programu niliiandika muda wa kusubiri tu.

Akaniuliza: "Sasa mwanangu, ulivyokuwa unasubiri, mshahara ulikuwa umesimama?"

Nikaleta habari za laptop yangu, naye akaleta za umeme wake. Hatukugombana, ila hakuna aliyelegeza.

Mwishowe akamwita Bi Rehema atuamulie. Huyu mama ni karani mkongwe kuliko wote pale, meza yake iko jirani na yangu.

Bi Rehema alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa kaunta buku lake kwenye mkoba, limechakaa, limefungwa na mpira.

Nililijua vizuri. Ndimo alimoandika kila alichojifunza kwa kurudishwa madirishani miaka yote, na mimi ndimo nilimotoa hatua zote za programu yangu.

"Si ndo haya haya yaliyomo humu?" akasema. "Mbona mie hamjaniuliza?"

Niliona aibu. Mwaka mzima nilikuwa naliazima, na jina lake sikuwahi kulitaja popote.

Jumatatu tunakaa watatu.

Nilichojifunza: kabla hujaandika mstari wa kwanza, soma mkataba wako, muulize bosi mapema, na kumbuka ujuzi umeutoa kwa nani.

Wanasheria na watu wa IT, ingekuwa nyie mngegawaje? Ila msije na majibu ya kunifurahisha. Uzi huu nimemtumia Bi Rehema, naye anasoma.