Swali Ambalo Sikuliandika

Muhtasari wa mkutano ule niliuandika mimi. Katibu alikuwa msibani siku hiyo, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka, mtendaji wa kijiji alinikabidhi daftari na kalamu nikakaa meza ya mbele pamoja na wageni. Nilijisikia mtu wa maana.

Kijiji chetu kiko Iramba, na kina mto ambao mgeni akiuona mwezi wa nane hawezi kuuita mto. Ni mchanga mtupu. Maji yako chini yake. Unachimba kwa mikono mpaka kiwiko kizame, unasubiri, maji yanajikusanya polepole, unateka kwa kata. Mama yetu alipofariki, mimi nilikuwa na miaka kumi na tano na mdogo wangu minne, kwa hiyo mambo ambayo msichana hufundishwa na mama yake, yeye alifundishwa na mimi. Nilimwonyesha jinsi ya kuchimba bila kutibua, na jinsi ya kufunika kisima kwa matawi ya miiba ili mbuzi wa watu wasikivuruge.

Wageni wa siku ile walitaka eneo la kujenga plenti ya kuchenjua dhahabu. Wachimbaji wadogo wa kwetu walikuwa wameacha malundo ya marudio, yaani mchanga ambao dhahabu yake imeshatolewa nusu. Plenti ingeuloweka mchanga huo kwenye matangi yenye dawa ya sianidi na kuitoa dhahabu iliyobaki. Meneja wao alikuwa mtu mpole, aliwaamkia wazee wote shikamoo kabla hajafungua mdomo kwa jambo lingine. Aliahidi kuezeka madarasa mawili ya shule yangu na kuajiri vijana wa kijiji. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kalamu ikiwa mkononi.

Ndipo mdogo wangu aliposimama kule nyuma walikokaa wanawake. Alikuwa ameolewa mwaka huohuo, hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu.

"Naomba kuuliza," alisema. "Hayo maji ya dawa mkishayatumia, mnayapeleka wapi?"

Meneja alitabasamu. "Yanabaki ndani ya bwawa letu, mama. Chini tunatandika turubai zito. Hayatoki hata tone."

"Na mvua ikinyesha bwawa likajaa?"

Kulikuwa na kicheko kidogo. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba huku kwetu tatizo halijawahi kuwa mvua nyingi. Mtendaji akainama sikioni kwangu. "Mwalimu, andika maazimio tu. Maswali yatajaza daftari."

Niliandika: Wananchi wameridhia kwa kauli moja.

Plenti ilijengwa juu kidogo ya mto. Madarasa yaliezekwa kweli, na mvua za kwanza wanafunzi wangu hawakulowa. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alipata kazi ya kupakia matangi. Nyumba yao iliwekwa sakafu ya saruji, wakanunua godoro, na wakati wa kiangazi kirefu walikula ugali wao bila kukopa unga kwa mtu. Siwezi kusimulia habari hii kana kwamba plenti haikuleta kitu.

Lakini shemeji alikuwa akituambia mambo jioni, akinawa mikono mara mbili mbili. Turubai lilikuwa limechanika upande mmoja na kuwekewa viraka. Kuta za bwawa zilikuwa za udongo mtupu. Asubuhi walikuta njiwa wamekufa ukingoni, wakawa wanawafukia kabla watu hawajapita. Nilimwendea mtendaji.

"Wakaguzi watakuja, Mwalimu," aliniambia. "Hiyo si kazi yetu sisi. Ina wenyewe."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika, kwa sababu nilitaka kuridhika.

Mwaka wa pili mvua zilikuja vibaya. Zilinyesha siku nne bila kupumzika, mto ukajaa ukingo kwa ukingo, na visima vyetu vya mchanga vikafunikwa. Alfajiri ya siku ya tano ukuta wa bwawa ulikuwa umeshabomoka upande wa mtoni. Hakuna aliyetupigia hata king'ora. Mlinzi alikimbia kwenda kumwamsha meneja, meneja akawasha gari akaondoka.

Mdogo wangu alikuwa mjamzito, mwezi wa saba. Alishuka mtoni mapema na ndoo yake, akateka ukingoni. Maji ya mafuriko siku zote ni ya tope, kwa hiyo hakuona kitu cha kumshtua. Alisikia kiu, akanywa kata moja, akapandisha ndoo nyumbani.

Baada yake Baba akateremsha ng'ombe. Walikuwa kumi na mmoja. Baba alizungumza nao Kinyiramba, na alikuwa na namna ya kupiga mluzi ambayo iliwafanya wainamishe vichwa na kunywa. Mimi nilikuwa najiandaa kwenda shuleni niliposikia sauti yake. Haikuwa ya kuita mtu. Nilikimbia na kanga moja.

Nilipofika, watatu walikuwa wameshaanguka. Wengine walisimama wakitetemeka miguu, wakihema kama waliokimbizwa toka mbali, povu likiwatoka. Halafu nao wakaanza kupiga magoti mmoja mmoja. Baba alikuwa amemkumbatia shingoni ng'ombe wake mkubwa mweupe, akijaribu kumzuia asianguke, mzee wa miaka sabini, akienda naye chini kidogo kidogo.

"Usiyaguse!" alinipigia kelele nilipokanyaga maji. "Mwanangu, toka! Maji yana sumu!"

Hapo ndipo nilipomkumbuka mdogo wangu na ndoo yake.

Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, ameshika kichwa. Alikuwa ameshatapika. Alikuwa anapumua haraka haraka na macho yake hayakutulia mahali pamoja.

"Dada, kichwa," alisema. "Na mtoto amecheza sana, sasa ametulia."

Bodaboda ilitupeleka zahanati, sisi wawili na dereva, mimi nikiwa nyuma nimemkumbatia asianguke. Zahanati wakamwekea dripu na kuita gari la hospitali ya wilaya. Yeye alipata nafuu siku hiyohiyo. Kata moja ya maji kwa mtu mzima haikuwa kama tumbo zima la ng'ombe. Lakini kule hospitalini daktari aliweka kipimo tumboni, akakihamisha, akakihamisha tena, na mimi nilimtazama usoni nikajua.

Alijifungua siku ya tatu. Alikuwa mtoto wa kike, ametimia vidole na kucha.

Nilimfuata daktari kwenye korido. Alikuwa kijana, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ni yale maji?" nilimuuliza.

"Inawezekana kabisa, Mwalimu."

"Basi andika."

Alishusha pumzi. "Naweza kuandika kwamba mtoto amefia tumboni. Hicho nimekiona. Sianidi siwezi kuiandika, sikuipima, na hapa sina cha kuipimia. Na huko mtoni kwenu, kuna aliyepima?"

Hakukuwa na aliyepima. Wakaguzi waliokuja kuchukua maji kwenye chupa walifika siku ya tisa, baada ya mvua nyingine mbili kupita. Majibu yalisema maji yako ndani ya viwango. Nadhani siku hiyo yalikuwa ndani ya viwango kweli.

Tulimzika mtoto nyuma ya nyumba ya Baba. Afisa mifugo alikuwa amekataza watu kula nyama, kwa hiyo wiki hiyohiyo vijana walichimba shimo refu la ng'ombe upande wa pili wa shamba la alizeti. Baba alisimama kwenye mashimo yote mawili. Kwenye lile dogo alisema tu, "Huyu hata jina hatujampa," kisha akaniomba nimshike mkono turudi ndani, jambo ambalo hakuwahi kuniomba.

Baadaye zilikuja fomu za fidia. Nilikuwa nazijaza mimi kwa ajili ya wazee wasiojua kuandika. Kulikuwa na nafasi ya ng'ombe, ya mbuzi, ya punda, ya mazao kwa ekari. Niligeuza karatasi nyuma nikitafuta, kisha nikaigeuza tena mbele.

Nilienda wilayani. Afisa wa mazingira alikuwa dada mmoja mdogo kuliko mimi, yuko peke yake kwa wilaya nzima, na gari alilotakiwa kutumia lilikuwa limeegeshwa nje, magurudumu yamelala. Hakunificha kitu. Aliteremsha faili la plenti, jembamba, akalifungua mbele yangu.

"Sheria inataka mita sitini toka mtoni," alisema. "Hapa hakuna aliyepima. Inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujenga. Hapa kuna barua inasema tathmini itafuata. Na hapa kuna muhtasari wa kijiji. Wananchi mliridhia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za maji, na hilo ndilo wanalojitetea nalo sasa."

Ulikuwa mwandiko wangu. Ile herufi k yangu yenye mguu mrefu ambayo nawakataza wanafunzi wasiige.

"Kuna aliyeuliza," nilisema.

"Mbona swali halimo?"

"Sikuandika."

Akanisogezea karatasi tupu. "Basi andika sasa," alisema. Niliandika kila kitu: swali, jibu la meneja, kicheko, na nani alinikataza. Niliandika na jina la aliyeuliza.

Watu wakisikia habari za sheria za mazingira huwaza mtu wa ofisini anayekuja kufunga kazi za wenzake. Kijijini kwetu wengi bado wanaona hivyo. Mimi nimekaa na jambo hili muda mrefu, na sioni kwamba tulihitaji muujiza. Tulihitaji mtu mmoja mwenye futi ya kupimia aje kabla ya ujenzi aseme, sogeeni. Tulihitaji turubai likichanika plenti isimame mpaka libadilishwe, na mlinzi awe na namba ya kupiga ukuta ukianza kuvuja. Kazi ya shemeji yangu ingebaki, na mabati ya darasani kwangu yangebaki. Ahadi ya mtu mpole haiwezi kukaa mahali pa mambo hayo. Meneja yule huenda hata hakutudanganya, huenda aliamini turubai lake. Ndiyo maana haifai kumwachia aamini peke yake.

Mdogo wangu nilimwambia mwezi uliofuata. Alikuwa anatwanga uwele uani, kwa nguvu, kama alivyokuwa anafanya kila kitu siku hizo.

"Lile swali lako la mkutanoni," nilisema, "sikuliingiza kwenye muhtasari."

Aliacha mchi ndani ya kinu.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nakutazama mkono. Nilipokuwa naongea haukusogea."

"Nisamehe."

"Ungeandika, wangesoma?"

"Sijui."

"Na mimi sijui." Akasema taratibu, "Lakini Dada, wewe ndiye uliyenifundisha maji. Nilidhani wewe ungeuliza kabla yangu."

Akashika mchi akaendelea kutwanga. Kabla ya mavuno, yeye na mumewe walihamia mbali, Mitundu, kwa ndugu wa mume, wakaanza kulima na kufanya biashara ndogo ya nafaka.

Plenti ilifungwa, ikakaa mwaka, ikafunguliwa na mwenye mali mwingine. Safari hii bwawa liko mbali na mto, lina maturubai mawili, na kuna visima vidogo vya kupimia maji kulizunguka. Haikuja hivyo yenyewe. Barua nilizoandika sikuzihesabu, na yule dada wa wilayani alikuja kwa bodaboda zaidi ya mara moja kusimamia. Mimi niko kwenye kamati ya maji ya kijiji. Kila mwezi nasoma vipimo mbele ya watu kwa sauti, na maswali yote yanaandikwa, hata ya walevi. Baba hakununua ng'ombe tena. Fidia aliwagawia wajukuu wa kaka yake.

Mdogo wangu alikuja kututembelea mwaka huu, mara ya kwanza toka ahame. Alishuka kwenye basi na mtoto wa kiume wa umri wa kutambaa mgongoni, na mkononi ameshika dumu la lita kumi. Nilidhani ni mafuta ya alizeti ametuletea. Nilijaribu kumpokea.

"Hili liache, Dada," alisema. "Ni maji ya mtoto."

Alikuwa ameyabeba toka Mitundu, amebadilisha basi nalo Singida mjini. Nilitaka kumwambia habari za vipimo, namba zote ninazijua kwa kichwa. Badala yake nilimpokea mkoba.

Baba alimsalimia mjukuu, akamshika miguu, akacheka. Kisha akaniagiza nimletee mgeni maji, kama ilivyo kawaida ya nyumba yetu, na mimi nikaenda mtungini nikachota, nikapiga goti nikampa mdogo wangu kikombe kwa mikono miwili. Alikipokea kwa heshima. Alikishika mapajani muda wote tulipokuwa tunaongea, habari za mahindi, habari za meno ya mtoto. Tulipoitwa kula, alikiweka chini kando ya kiti, taratibu, kikiwa kimejaa.