Neno Lililomtoa Mtoto

Nikiwa mdogo sana nilisikia honi ya treni Ngerengere, nikajikojolea, watu wakanicheka. Basi mlio ule ule niliusikia tena kwetu huku mlimani, mchana wa mvua, ukitoka ndani ya nyumba. Alikuwa mama, uchungu wa kuzaa umemshika tangu jana yake. Nikajificha nyuma ya kinu. Harufu ya moshi na majani yaliyochemshwa ilinifuata hadi pale.

Bibi, mama yake mama, akatoka nje, akamwendea baba.

"Mkwe, mwanangu anakufa. Sema ulilala kwa nani, mtoto atoke."

"Sijalala kwa mtu, mama. Tutafute machela tumshushe hospitali."

"Sema!"

Mama akalia tena. Baba akageukia mlango.

"Haya. Nilikwenda kwa mwanamke, kule Kisaki."

Haukupita muda, mtoto akalia.

"Mmeona?" bibi akawaambia majirani.

Nami niliamini, mpaka juzi mke wa mjukuu wangu alipokwama vile vile katika kujifungua. Nesi alisema mtoto amekaa vibaya tu, wala hakuuliza mtu kalala wapi.

Siku ile, majirani wakiwa bado wanamnong'ona, baba alichungulia mlangoni, akamwona mama anapumua. Akachukua panga lake, akashuka njia ya mtoni. Nilidhani anakwenda kukata kuni za kumchemshia mama maji. Hakurudi tena.