Yamefunikwa

Miaka thelathini na mitatu alikaa nyuma ya kaunta ya duka la miwani, akisaga lenzi na kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, na watu wakamzoea hivyo hivyo: Mzee Miwani. Alipostaafu, jina halikustaafu naye. Jirani wa chini alimwita hivyo kwenye ngazi. Hata binti yake, aliyeolewa mbali, akipiga simu Jumapili alianza kwa utani: "Haya Mzee Miwani, umekula?"

"Nimekula, mama."

Sikuzote alikuwa amekula, kwa maneno yake.

Tochi ya kwanza maishani alimtengenezea mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na adui yake mkubwa alikuwa kitambaa cheusi: uzi mweusi juu ya nguo nyeusi, macho yanamtoka, sindano inamchoma. Mzee alichukua kipande cha alumini, akakichonga kikawa na unene wa kidole gumba, akatia taa ndogo na lenzi aliyoisaga mwenyewe, akakifunga kwenye shingo ya cherehani. Mwanga ulianguka mweupe, umetulia, hauna doa katikati. Mkewe alishona mishono kumi, akainua uso.

"Sasa naona hata makosa yangu ya mwaka jana," alisema.

Basi ugonjwa wa kutengeneza tochi ukamwingia mzee. Ikaja tochi ya kujaza chumba kizima kama mchana wa saa saba. Ikaja tochi ya kufika kwenye tangi la maji upande wa pili wa barabara kuu, ambayo ilipata moto mpaka akaishika kwa taulo. Na mwisho, kutoka kwenye tumbo la projekta iliyokufa, ikaja leza ya bluu, ya kushika mkononi, yenye nguvu ya kuwasha kiberiti kutoka mwisho wa chumba.

Leza si tochi. Tochi ikikupiga usoni utafumba macho na kumtukana aliyeishika. Leza yenye nguvu ikikupiga, kabla hujafumba, mambo yameshakwisha. Na si lazima ikuelekee wewe. Inatosha igonge saa ya mkononi, pete au bilauri, irudi. Mzee Miwani alilijua hilo kuliko watu wengi, kwa sababu alikuwa ameishi kwa macho ya watu. Akajiwekea taratibu zake. Mapazia yafungwe. Saa na pete zivuliwe. Kila king'aacho kitoke chumbani. Mwali uishie kwenye tofali lililopakwa masizi. Betri zikae kwenye kopo la bati juu ya kigae. Miwani ya kinga ya rangi ya chungwa ivaliwe, na ikaguliwe kwanza.

Na juu ya yote, neno. Kabla ya kubonyeza aliita kwa sauti, "Macho!" na hakubonyeza mpaka kila aliyekuwemo nyumbani aitike, "Yamefunikwa!"

Mkewe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa tofali, na hakuna mwali wa kupita pale. Lakini aliitika. Tena alijifunika uso kwa aproni kabisa, kijiko mkononi. "Yamefunikwa, na vitunguu vinaungua!" Siku moja hakuitika, kwa kuwa alikuwa ameshuka ngazi kupiga soga na jirani. Aliporudi alimkuta mumewe amesimama gizani, kidole juu ya kitufe, jasho linamtoka.

"Si ungewasha tu? Sikuwepo."

"Nitajuaje kama hupo au umenyamaza?"

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu ugonjwa wa kifua umchukue mkewe. Cherehani ilikuwa bado pale pembeni, tochi imefungwa shingoni mwake, na mzee aliichaji betri yake kila mwezi ingawa hakuna aliyeiwasha. Jikoni hapakuungua kitu tena. Miezi ya mwanzo aliita "Macho!" akasubiri, akarudisha leza kwenye sanduku bila kuiwasha. Kisha akaanza kujiitikia. Kwanza kwa sauti yake. Baadaye, na hili asingemwambia mtu hata kwa kulazimishwa, kwa sauti nyembamba kidogo, iliyotoka juu ya koo, yenye chembe ya kicheko.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mapazia yamefungwa, aliipandisha miwani ya kinga kwenye paji la uso ili aone skrubu ya leza. Akaikaza. Akaita, "Macho!" Sauti ile nyembamba ikajibu, "Yamefunikwa!" Ikajibu upesi mno, tena vizuri mno, na mzee akaiamini kama alivyoiamini miaka yote. Akabonyeza.

Kwenye pembe ya meza palikuwa na kikombe cha chai, na ndani ya kikombe, kijiko.

Hakusikia maumivu, na hilo ndilo lililomtisha. Aliona mmweko mmoja tu, kama mlango uliofunguliwa na kufungwa. Kisha, katikati ya jicho la kushoto, punje nyeusi. Alipotazama tofali, punje ilikaa juu ya tofali. Alipotazama cherehani, ikakaa juu ya cherehani.

Daktari wa macho alimmulika kwa muda mrefu. "Hili ni kovu, mzee. Halitaondoka. Ilikuwaje?"

"Cheche," alisema. "Nilipita karibu na mchomelea mageti."

Daktari aliandika. Mzee Miwani, ambaye kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa akiwakemea watu waliodanganya kuhusu macho yao, alitazama kalamu ikiuandika uongo wake.

Angeweza kumwambia binti yake, lakini angefungiwa virago na kuhamishwa siku hiyo hiyo. Angeweza kuwaambia wenzake wa Jumamosi. Hapo ndipo pagumu. Wenzake walikuwa wawili. Mmoja alikuwa fundi wa majokofu, mnene, mcheshi, waliyemwita Baridi. Wa pili alikuwa Mwalimu, mama wa makamo aliyefundisha fizikia, na ambaye miaka mingi iliyopita aliingia dukani kununua fremu akatoka na mchoro wa tochi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikutana kwa Baridi, katika chumba kibovu cha kugandishia nyama nyuma ya karakana. Kuta nene, hakuna dirisha, ndani pamepakwa rangi nyeusi. Walileta walichojenga wiki hiyo wakawashiana, wakabishana juu ya lenzi na betri, wakachekana. Hayo ndiyo mazungumzo pekee ya mzee kwa wiki nzima, ukiondoa simu ya Jumapili na salamu za ngazini.

Na pale alikuwa na kazi. Yeye ndiye mkaguzi. Kila miwani ilipita mkononi mwake, kila pembe ya chumba ilipita machoni pake, na neno alikuwa analiita yeye. Wakijua ana jicho moja, watamwondoa kwenye ukaguzi. Na bila ukaguzi, pale yeye ni nani? Mzee wa kunywa chai ya watu.

Akanyamaza. Jumamosi tano akakagua kwa jicho la kulia, na zikapita salama.

Jumamosi ya sita Mwalimu aliingia amekumbatia kisanduku kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Miezi minane alikuwa akiijenga leza yake ya kwanza, na leo ndiyo ilikuwa siku yake.

"Mwalimu, umepaka na wanja?" Baridi alisema. "Unakwenda kuwasha leza au kuposwa?"

"Nimepaka kwa ajili ya leza. Wewe hujawahi kunisubiri miezi minane."

"Mimi mke wangu alinisubiri miaka minne, na nikafika bila betri."

Walicheka, mzee naye akacheka, na huku anacheka alipokea miwani zao tatu. Akawasha tochi yake ndogo ya ukaguzi, akainua ya Baridi, akaitazama, akasema, "Safi." Ya Mwalimu, safi. Yake mwenyewe, safi. Wakavua saa. Baridi akahangaika na pete mpaka akaomba mafuta. Mlango mzito ukafungwa. Mwalimu akaielekeza leza kwenye tofali.

"Haya, mzee wangu," alinong'ona. "Ita."

"Macho!"

"Yamefunikwa!" alisema Baridi.

"Yamefunikwa!" alisema Mwalimu.

Ilibaki zamu yake. Alifungua kinywa, na neno likapanda, na alilisikia kabla halijatoka: jembamba, jepesi, lina chembe ya kicheko. Akakumbuka kijiko. Halafu akakumbuka mkono wake, dakika chache zilizopita, ukiiinua miwani ya Baridi. Miaka thelathini na mitatu alikuwa akikagua lenzi kwa jicho la kushoto, la kulia amelifumba. Leo, katikati ya kicheko, mkono ulikuwa umerudi kwenye mazoea yake. Alikuwa ameitazama miwani ile kwa punje nyeusi.

"Msiwashe," alisema. "Mwalimu, toa kidole. Baridi, washa taa."

Taa ikawaka. Akawaambia yote, akitazama sakafu. Kikombe, kijiko, daktari, cheche ya uongo. Sauti tu hakuisema. Alisema, "Nilijiitikia mwenyewe," akaishia hapo.

Mwalimu alimgeukia. "Wiki sita? Baba, wiki sita unatukagulia miwani kwa jicho bovu?"

"Kwa lile zima. Isipokuwa leo."

"Leo!" Mwalimu aliinyakua tochi ya ukaguzi, akaivua miwani ya Baridi usoni, akaigeuza taratibu kwenye mwanga. Akasimama. Kwenye lenzi ya kushoto, karibu na pua, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Baridi aliutazama ufa, akajishika jicho kwa kiganja, akajaribu kutania, utani ukakataa. "Niliiangusha Alhamisi," alisema. "Nikasema si kitu, mzee ataiona."

Hakuna aliyemgombeza mzee, na ingekuwa nafuu wangemgombeza. Alivua miwani yake nzima akamvisha Baridi, akamkunjia vizuri nyuma ya masikio kama alivyowafanyia wateja maelfu. Tochi ya ukaguzi ilikuwa tayari mkononi mwa Mwalimu. Hakuidai.

"Leza yako isisubiri," alisema. "Nitakaa nje."

Mlango ulifungwa nyuma yake. Kwenye ujia palikuwa na kreti ya soda iliyopinduliwa, akaikalia. Upande wa karakana mashine ya jokofu la mtu ilikuwa ikinguruma peke yake. Alifikiri juu ya Jumamosi ijayo, na ile itakayofuata, na njia ya kurudi nyumbani, vituo vinane, na mlango wake wenye funguo mbili ambao hakuna aliyewahi kumfungulia kutoka ndani kwa miaka mitatu.

Ndani, kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka chini ya blanketi, Mwalimu aliita, "Macho!"

Baridi akaitika.

Mzee alisubiri asikie shangwe. Hakukuwa na shangwe. Mlango ukagongwa kutoka ndani, ngumi tatu nzito.

"Mzee!" Ilikuwa sauti ya Baridi. "Hatujakusikia!"

"Niko nje!" alijibu. "Washeni tu!"

Mlango ulikuwa na unene wa shubiri moja, una bati pande zote mbili. Hakuna mwali wa kupita pale.

"Tutajuaje kama umefunika au umenyamaza?" Mwalimu alipaza sauti, na sauti yake bado ilikuwa na hasira. "Nina kidole kwenye kitufe, baba. Itika!"

Mzee Miwani aliuweka uso wake ndani ya viganja viwili, akabana vidole mpaka hapakubaki mwanya. Punje ilikuwa humo pia, imekaa katikati ya giza.

"Yamefunikwa!" aliita, kwa sauti yake mwenyewe.

Aliwasikia wakipiga kelele kwa furaha nyuma ya mlango, muda mrefu, kama watoto. Hakuiondoa mikono.