Kompyuta Iliyozikwa Ndani ya Maharage

Mama mkwe wangu alifukua maharage kwa mikono yake yote miwili, akayasukuma pembeni ya pipa mpaka kona ya chuma ikatokeza.

"Angalia, mukwe," aliniambia. "Iko mukavu. Hata fukusi haikuigusa."

Niliangalia, na ilikuwa kweli. Fukusi hawali chuma.

Kompyuta ile tuliachiwa na padri mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa imezeeka tangu siku tuliyoipokea, ya chuma cha kijivu, nzito kama mbuzi aliyenona. Ilikuwa ya aina ile inayopozwa kwa maji: ndani yake kulikuwa na pampu ndogo na mirija iliyozungusha maji ya kijani, kama yale yanayopoza injini ya lori. Kwaya yetu ya Masisi iliitumia kurekodi nyimbo. Mke wangu, kabla hajawa mke wangu, ndiye aliyeongoza kwaya, na mimi ndiye niliyekaa kwenye vitufe. Nilikuwa nikimwomba arudie hata pale alipokuwa ameimba vizuri. Hivyo ndivyo nilivyompata.

Vita vilipopanda vilimani kwetu tulikimbilia upande wa Walikale. Mama mkwe alikataa kuacha shamba lake la Lushebere, hukohuko Masisi, tukamwachia kompyuta. Mke wangu alikufa kwa homa njiani, msituni, mtoto wetu akiwa bado hajajua kutembea. Barabara ilipotulia nilimrudisha mtoto kwa bibi yake, nami nikabaki hukohuko Walikale, Mubi, nikitengeneza simu za wachimba madini. Picha zote za mke wangu ziliungua pamoja na nyumba. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ile, na binti yetu hakuwa ameisikia kamwe. Nilitaka aisikie. Sikuwa na haja nyingine kubwa duniani.

Niliporudi kuichukua, mama mkwe alinieleza yaliyotokea. Siku moja ya risasi aliilaza kompyuta ubavu chini ya kitanda. Aliporudi kutoka mafichoni alikuta inavuja kitu cha kijani. Basi akafanya kile ambacho kila mama wa vilima vyetu hukifanya kwa kitu asichotaka kioze. Maharage ya mbegu huchanganywa na majivu, ili majivu yanyonye unyevu na kufukuza fukusi mpaka msimu wa kupanda. Akaitia ndani ya pipa, akaimiminia maharage na majivu hadi ikafunikwa.

"Nilimulaza mutoto wangu mu maharagi," alisema. "Nilijua utarudi."

Majivu makavu hutunza, lakini majivu yaliyolowa hula. Anayechuja majivu kupata chumvi ya mboga anajua yanavyochoma vidole, na yeye amechuja maisha yake yote. Ila nani angemwambia kuwa ndani ya chuma kile mlikuwa bado na maji? Nilipofungua kifuniko nilikuta ukoko mweupe umeganda juu ya kila kitu, na chini yake kutu ya kijani. Kwetu mkwe hamkemei mama mkwe. Nilimshukuru, nikaifunga kompyuta nyuma ya pikipiki, na njia nzima mpaka Mubi nikamkemea kimoyomoyo, kona baada ya kona.

Huko Mubi meza yangu ilikuwa ndani ya duka la mfanyabiashara mmoja wa upande wa Butembo, mwenye malori na jenereta. Alichungulia ndani ya kompyuta, akafanya ishara ya msalaba.

"Kaka, hii iko mufu. Muzike."

"Walisha kumuzika," nilimjibu. "Mimi niko namufufua."

Kwanza nilijaribu njia fupi. Nilichomoa diski iliyobeba nyimbo, nikaiunga kwenye kompyuta ya dukani. Ile ya dukani haikuielewa, ikaniuliza kama iifute kwanza. Nilichomoa diski ile upesi. Ilibidi mgonjwa mwenyewe apone ndipo aseme.

Basi nikasugua. Nilisugua kwa mswaki na spiriti ya hospitali, na pale mswaki usipofika nilikwangua kwa sindano. Njia nyingine za shaba, zile zinazopitisha umeme, zilikuwa zimeliwa kabisa, nikaziunganisha kwa nyaya nyembamba za chaja mbovu. Mipira ya pampu ilikuwa imekauka na kupasuka, hapo ndipo maji yalipotokea. Nilikata mingine kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Maji ya kijani nilipewa na dereva wa lori, aliyetaka kujua kompyuta yangu inabeba tani ngapi. Wakati huo habari za Masisi zilikuwa mbaya tena, barabara ikifungwa na kufunguliwa, na mimi nilikuwa nikisugua kwa hasira. Nilichukia majivu, nilichukia vita, na siku nyingine nilimchukia marehemu kwa kuniacha.

Mchana mmoja pampu ilinguruma, kioo kikawaka. Nyimbo karibu zote zilikataa kufunguka. Ulifunguka mmoja, nao haukuwa wimbo kamili, ulikuwa mazoezi. Niliunakili haraka kwenye simu. Nilikuwa bado natafuta mwingine nikasikia harufu ya kuungua, na maji ya kijani yakaanza kudondoka mezani. Kompyuta haikuwaka tena. Maji yakimwagika hayazoleki, nami sikujaribu kuyazoa.

Barabara ilipofunguliwa nilienda Lushebere. Mahema ya wakimbizi yalikuwa yamefika hadi ukingoni mwa shamba la mama mkwe. Tuliketi nje, mtoto amejibanza kwenye magoti ya bibi yake, nikabonyeza simu. Sauti ikaimba, kisha ikakatika katikati ya wimbo na kusema, "Hapana. Turudilie. Ninyi ba nyuma munalala." Mama mkwe alicheka, kisha akajifunika uso kwa kitenge.

Mtoto alimvuta kitenge.

"Mama, ule dada iko nani?"

Alimwita bibi yake mama. Nilikuwa nalijua hilo, sikuwa nimelifikiria. Mama mkwe aliniangalia, kisha akamgeukia mtoto.

"Ule njo mama yako," alimwambia. "Mimi niko koko yako."

Hakuna aliyemwomba aseme hilo la pili, kwamba yeye ni bibi tu. Mtoto alimtazama kama aliyesukumwa, kisha akaanza kulia, akimshika nguo na kumwita mama, mama. Simuni mke wangu alikuwa bado anawaambia watu warudie. Nilizima. Mama mkwe alimpakata mtoto, lakini jina la mama hakuliitikia.