Mbuzi Wangu na Ampea Ishirini

Mwaka ule Kemambo yetu nzima ilikuwa inasaga mawe kutafuta dhahabu. Baba mdogo, aliyelima mihogo maisha yake yote, aliamka asubuhi moja akiwa tayari mtaalamu wa dhahabu. Akachimba shimo nyuma ya zizi, akanunua karasha ya kusagia mawe na pampu ya kuvuta maji shimoni, vyote vya umeme, akavichomeka kwenye waya mmoja. Vikiwashwa pamoja, fyuzi inaungua. Anaweka nyingine, nayo inaungua. Kwa akili zake nyingi akaamua kwamba shimo lina njaa.

Na shimo la watu wa heshima halili kuku, thubutu! Mganga alikuja na pikipiki na miwani ya jua, akatazama zizi zima, kisha akamnyooshea kidole mbuzi wangu. Mbuzi huyo nilipewa na bibi siku nilipofaulu kwenda sekondari, na sasa alikuwa na mimba.

Nilikuwa kidato cha tatu, tumefunga shule, mdomo umejaa fizikia.

"Shikamoo, baba. Hiyo ni hesabu tu. Unagawa wati kwa volti. Karasha wati 2,760 kwa volti 230, ampea kumi na mbili. Pampu wati 1,840, ampea nane. Jumla ishirini, na fyuzi yako ni ya kumi na tatu! Washa kimoja kimoja, mbuzi wangu abaki."

"Hizo ampea wewe umeziona wapi?"

"Hazionekani, baba."

"Kumbe hazionekani!" Wakacheka na mganga wake hadi wakashikana mabega. Mzimu wa shimo, bila shaka, walikuwa wanakunywa naye chai kila asubuhi.

Mbuzi akachinjwa, damu ikamwagwa shimoni. Mganga akaagiza pampu isiguswe siku hiyo, shimo linywe kwanza likate kiu. Wakawasha karasha. Ikasaga hadi jioni, fyuzi haikukohoa hata kidogo.

"Mmewasha moja tu, jamani! Moja!" nilipiga kelele. Nani anisikilize? Vigelegele vilikuwa vimetawala.

Baba mdogo akakata kipande cha ini, akaniwekea kiganjani mbele ya watu wote. "Kula, mwanangu. Mbuzi wako ndiye amewasha mashine." Nikala huku nalia kwa hasira.

Kesho yake wakawasha karasha pamoja na pampu. Fyuzi ikaungua. Baba mdogo hakunitazama mimi, alitazama zizi.